Mkalimani wa Ubatizo

Binti yangu alinipeleka Cartagena akiwa na mimba ya miezi mitano. Mwaka ule nilikuwa nimestaafu, baada ya miaka mingi katika chumba cha kufulia cha hospitali moja hapa Stockholm, nikikunja shuka zilizotoka mashineni zikiwa bado za moto. Watoto walishauriana wanipe zawadi gani. Mama yao alitaka ninunuliwe koti. Binti yangu, ambaye ni kitindamimba, akasema baba amevaa makoti ya kutosha katika nchi hii, apelekwe mahali asipohitaji koti.

Alijifunza Kihispania shuleni, kama watoto wengi wa huku, na baadaye akaenda kusoma nusu mwaka Cartagena, mji wa zamani uliojengwa na Wahispania katika pwani ya Kolombia. Alirudi akiusifia kama mtu anavyosifia nyumbani kwao. Nilijua kwamba mtoto wake akishazaliwa hatapata tena nafasi ya kunionyesha chochote, nikakubali.

Lakini nilikuwa na sababu nyingine ambayo sikumwambia. Nilitaka siku chache za kuwa naye peke yake ili tuzungumze kuhusu ubatizo. Baba wa mtoto ni Mswidi, kijana mpole anayevua viatu mlangoni kabla sijamwambia karibu, lakini hana habari na kanisa wala ugomvi nalo. Katika jumuiya yetu ya Waswahili tunakutana kwa misa mara moja kwa mwezi, Warundi, Wakongomani na Watanzania, na kila mara nilikuwa nikiwaona wazee wenzangu ambao wajukuu wao walikuwa wameanza shule bila kubatizwa. Ukiwauliza, wanatazama viatu vyao. Nilimwomba Mungu aniepushe na hilo. Amenipa mengi. Nilitoka Burundi kijana, bila ndugu, nikaishi zaidi ya miaka ishirini katika makambi ya Tanzania magharibi, nikapata mke Mha wa Kigoma, nikapata watoto, na wote wako hai. Mtu aliyepewa hayo hana haki ya kudai zaidi. Hili nililidai.

Ndani ya ndege nilianza kwa mbali. Binti yangu alinikatisha. Yeye husikia Kiswahili chetu chote, hata mafumbo ya mama yake, ila hujibu kwa Kiswidi, kama mtu anayepokea kwa mkono huu na kurudisha kwa mkono mwingine. Alisema sawa, mtoto atabatizwa, lakini nisianze kuwatangazia watu. Nikageukia dirisha nikashukuru kimoyomoyo hadi usingizi uliponichukua.

Kwa hiyo niliingia Cartagena nikiwa mtu mwenye furaha. Mji wa ndani umezungukwa na ukuta mnene wa mawe ya matumbawe, na nyumba zake zina roshani za mbao zilizoning'iniza maua mpaka karibu na vichwa vya wapita njia. Joto lilinikumbusha Kigoma. Kilichonishangaza zaidi ni kwamba hakuna aliyenitazama. Stockholm nimezoea kiti cha pembeni yangu kubaki kitupu kwenye treni hadi watu wakose pa kusimama. Cartagena nilikuwa na rangi ya mtaa. Watu waliniuliza njia. Mama mmoja aliyekuwa akiuza matunda alinisemesha kwa muda mrefu, binti yangu akacheka mpaka akashika tumbo.

"Anasema mwendo wako ni wa mtu wa hapa," akanifasiria, "ila viatu ni vya mtu anayekwenda mazishini."

Nilimwambia amjibu kwamba katika umri wangu ni vizuri kuwa tayari. Mama yule akanipa kipande cha embe.

Siku ya tatu binti yangu alimtafuta mwanamke wa kututembeza, mwalimu mstaafu wa historia, mweusi kama mimi, aliyevaa miwani iliyofungwa kwa uzi shingoni. Alizungumza Kihispania polepole na kungoja. Binti yangu alinifasiria kwa Kiswidi, na neno la Kiswahili lilipomjia alilitia. Mama yule alitupeleka kwanza kwenye uwanja ulio karibu na lango la mji, mahali watu wanapokaa kunywa kahawa huku farasi wa watalii wakingoja kivulini. Alisema hapa ndipo watu waliotolewa Afrika walipouzwa. Walishuka melini wakiwa na vidonda, wakapakwa mafuta wang'ae, wakasimamishwa. Mji wote huu, alisema, kuanzia ukuta hadi makanisa, umepita mikononi mwao.

Hayo niliyajua kwa kiasi. Niliinamisha kichwa na kuwaombea. Kisha akatuingiza katika nyumba ya kale ya mapadri, yenye ua wa ndani na miti mirefu, na hapo akatuambia jambo ambalo sikuwahi kulisikia.

Alieleza kwamba meli zilipofika, kulikuwa na padri aliyekuwa akizikimbilia kabla ya wanunuzi. Alishuka ndani ya tumbo la meli na maji ya kunywa, matunda na tumbaku. Aliwafunga watu vidonda kwa mikono yake. Kanisa limemtangaza mtakatifu, nami nilikuwa nimewahi kusoma habari zake. Watu mle ndani walikuwa wakitetemeka, maana waliamini wanapelekwa kuchinjwa na kukamuliwa mafuta. Padri hakujua lugha zao, kwa hiyo alikwenda na wakalimani. Kisha akawafundisha kwa picha, akawabatiza. Watu kumi walipewa jina moja, ili wakumbushane, na kila mmoja akavikwa medali ya madini ya risasi shingoni ili asibatizwe mara mbili.

Hapo mama yule aliendelea kusema kwa muda mrefu. Aliinua mikono, akaishusha, akasema tena. Nikamtazama binti yangu.

"Anasema walikuwa wengi," binti yangu akasema.

Niliwahi kuwa mkalimani kambini. Najua msemaji anapomwaga ndoo na mfasiri akatoa kijiko, kuna maji yaliyobaki mahali fulani. Nikamwambia anieleze yote. Alisita, akashika tumbo lake, halafu kwa mara ya kwanza siku ile akasema Kiswahili kitupu.

"Anasema wale wakalimani nao walikuwa watumwa. Mapadri waliwanunua kwa kazi hiyo. Padri akiuliza, mnataka kubatizwa, wao ndio wanaojibu. Nani ajue wale wa ndani walisema nini, baba? Wao walisema ndiyo, maji yakamwagwa."

Nilimuuliza kama mama yule anamlaumu yule padri. Akamuuliza. Jibu lilikuwa fupi: aliwapenda kweli, na hawakuulizwa kweli, na wao wa Cartagena wanaishi na yote mawili.

Tuliingia kanisani tukakaa kwenye benchi. Nilitoa rozari mfukoni, nikashindwa kupita punje ya tatu. Binti yangu alikaa pembeni yangu. Baadaye akauliza, kwa sauti ya mtu anayetafuta pa kushika:

"Lakini yule mzee wako wa kambini, yeye aliulizwa, sivyo?"

"Aliulizwa," nikasema.

Lazima nieleze mzee huyo ni nani, kwa sababu watoto wangu wamekua naye kama babu.

Kambini nilikuwa katekista. Padri wetu alikuwa mgeni kutoka Ulaya aliyejua Kiswahili vizuri, lakini wakimbizi wazee walijua Kirundi tu, kwa hiyo nilisimama kati yake na wao. Hadithi niliyowasimulia watoto, na niliyoitoa kama ushuhuda mara nyingi mbele ya jumuiya yetu hapa Stockholm, ni hii: palikuwa na mzee mwenye mvi aliyepoteza kila kitu, akaja kwenye mafundisho yangu akiegemea fimbo, na siku ya kubatizwa watu wazima, padri alipomuuliza anaomba nini kwa Kanisa, alijibu kwa neno moja: imani. Watu husema amina nikifika hapo. Mama mmoja Mkongomani huwa analia.

Ukweli ni kwamba mzee hakusema hivyo. Alikuja kwenye mafundisho kwa sababu palikuwa na paa na habari za waliobaki nyuma. Padri alipomuuliza, aliniangalia mimi, akasema kwa Kirundi taratibu kwamba bado. Mke wake yuko njiani. Wa nyumba yao hawajawahi kuingia mahali mmoja akiwa ndani na mwingine nje. Akifika watazungumza, kisha atajibu.

Nyuma yake foleni ilikuwa ndefu na wingu lilikuwa limetanda. Padri alikuwa ameniambia wiki ile kwamba katekista mwema hamwachi mtu njiani. Nilimpenda padri, nilimpenda na mzee, na niliamini kwa moyo wote kwamba namtoa majini mtu anayezama. Nikageuka nikasema, "Anaomba imani." Padri akafurahi hadi macho yakamlowa. Mzee hakuelewa nilichosema mpaka maji yalipomgusa kichwani. Hapo akanitazama. Hakugomba. Alijifuta uso kwa kiganja akaenda kukaa.

Hakurudi tena kwenye mafundisho wala misa. Kila asubuhi tulipokutana alinipa mkono, kama mtu mwenye adabu anavyompa mkono jirani. Alifariki kabla ya mwaka kwisha, nikamzika kikristo, nikauchonga msalaba mwenyewe. Mke wake alifika baadaye, mwembamba, miguu imevimba. Nikampeleka kaburini. Aliuliza nani kamwekea mumewe mti ule, nami nikamwambia, "Aliuomba mwenyewe." Aliuzunguka msalaba mara moja, akaondoka. Baada ya miezi michache alihamishiwa kambi nyingine, sikumwona tena.

Nimeungama dhambi nyingi maishani. Hii sikuwahi kuiungama, kwa sababu niliihesabu miongoni mwa baraka zangu. Ilibidi nivuke bahari niketi katika kanisa la Wahispania ndipo nione nilikuwa nani siku ile. Siwezi kujilinganisha na wale wakalimani. Wao walikuwa wamefungwa. Mimi nilikuwa huru.

Siku zilizobaki binti yangu alinionyesha nyumba yenye lango kubwa la mawe walimohukumiwa walioshtakiwa kwa uzushi, akanionyesha ngome na chumba alichokuwa amepanga akiwa mwanafunzi. Nilitazama vyote. Sikuzungumza tena kuhusu ubatizo, wala yeye.

Mtoto alizaliwa wakati wa theluji, wa kiume, mwenye sauti. Wiki zikapita. Siku moja binti yangu alimpigia mama yake kusema kwamba wameahirisha. Huenda mtoto akangoja hadi aweze kujibu mwenyewe. Mke wangu alikata simu akanijia jikoni, pale kwetu Rissne, mikono kiunoni.

"Ulimbatizisha mzee mwenye mvi," akasema, "ushindwe na mtoto asiye na hata jino moja? Nenda ukaongee na mwanao."

Nikapanda treni, nikabadilisha, nikafika Vällingby wanakokaa. Binti yangu alikuwa peke yake na mtoto. Alinipa mtoto nimpakate, akanimiminia kahawa, na kabla sijafungua mdomo akasema mwenyewe. Alisema alikuwa hajalala vizuri tangu Cartagena. Akimwangalia mtoto, aliwaona wale wa melini. Lakini kila mara alimkumbuka pia mzee wa kambini, aliyeulizwa akajibu kwa kinywa chake, na akaona kwamba si kila ubatizo wa mtu mweusi ulikuwa wa namna ile. Kuna waliouomba. Anataka mwanawe aunganishwe na hao.

"Kwa hiyo chagueni Jumapili," akasema. "Mama asinune tena."

Nilikuwa na mtoto magotini, amenishika kidole. Nilichokuwa nimekiomba kwa Mungu tangu mimba ile kilikuwa mbele yangu, na sikuhitaji kusema neno lolote ili nikipate. Ilitosha kunywa kahawa. Nikafikiri, labda ndivyo Mungu anavyogeuza kosa kuwa wema. Nimewafundisha watu hivyo, na ni kweli kwamba hugeuza. Lakini ningenyamaza pale, ingekuwa mara ya tatu nimjibie mzee yule, baada ya kumjibia kwa padri na kwa mkewe.

"Hakusema ndiyo," nikamwambia. "Alisema anamngoja mkewe. Mimi ndiye niliyesema."

Binti yangu hakuelewa mara moja. Nikamweleza yote, foleni, wingu, maji, kaburi. Aliuliza kama mke alifika. Nikasema alifika, naye nikamdanganya.

Kisha akasema, "Ulinisimulia hata nilipokuwa na tetekuwanga, baba. Nilikuomba mara mbili, nawe ukanisimulia mara mbili."

Mtoto alianza kulilia maziwa. Akamchukua, si kwa hasira, akageuka upande kumnyonyesha, na akiwa amenipa mgongo akasema mtoto atangoja. Aliponisindikiza mlangoni alinishika begani kidogo. Nashukuru kwa mkono ule.

Nilikwenda kuungama juma lile lile. Padri alinisikiliza hadi mwisho, akanipa kitubio, akanikumbusha kwamba mkono wa Mungu haukuishia kwenye maji yangu, kwa mzee wala kwa mtoto. Nilitoka nikiwa nimesamehewa. Nililijua hilo kwa imani, lakini sikulala vizuri. Mbele ya jumuiya pia nilisimama nikasema kwamba ushuhuda ule haukuwa kweli. Mzee mmoja akaanzisha wimbo ili kuniokoa. Yule mama Mkongomani hakunisalimia kwa muda.

Mke wangu hakulichukulia jambo hili kama wao. Yeye alisema dhambi ni yangu na mzee wangu, mtoto anaingiaje. Mimi mwenyewe sijaacha kuamini kwamba watoto wanapaswa kubatizwa. Ila mtoto huombewa na wazazi wake, na wazazi wa huyu walikuwa wamesema bado.

Kabla ya kiangazi binti yangu alituletea mtoto mchana mmoja, yeye akienda kwa daktari wa meno. Mke wangu alimbusu, akajifunga kitambaa, akasema anakwenda dukani, na mlangoni akageuka. Alinong'ona, ingawa hapakuwa na mtu wa kutusikia.

"Maji ya uvuguvugu yako kwenye beseni. Maneno unayajua. Mkristo yeyote anaruhusiwa kubatiza palipo na hatari."

Nikasema mtoto ni mzima, hatari iko wapi.

"Nchi hii yote ni hatari," akasema, akafunga mlango.

Mtoto alikuwa amejichafua, kwa hiyo kumwogesha ilikuwa lazima. Nilimvua, nikamtia katika beseni, nikamshika shingo kwa kiganja cha kushoto kama nilivyowashika mama yake na kaka zake. Alipenda maji. Aliyapiga kwa miguu yakanirukia miwani. Nikateka kwa kiganja cha kulia, nikayainua juu ya kichwa chake. Maneno yalikuwa pale mdomoni, machache, yanayotosha pumzi moja. Nimeyasikia mara nyingi kiasi kwamba naweza kuyasema usingizini. Hakuna ambaye angejua isipokuwa Mungu na mke wangu, na mke wangu angelala usingizi mzuri. Mimi pia ningelala.

Mtoto alinitazama. Hakuwa anatazama chochote hasa, watoto wa umri ule hutazama mwanga. Nilimmwagia maji nikiwa nimefunga mdomo, nikamsugua nyuma ya masikio. Nikamtoa, nikamkausha, nikampaka mafuta.

Mke wangu alirudi bila kitu mkononi, hakuwa amekwenda dukani. Aliuliza kabla ya kuvua viatu.

"Umefanya?"

"Nimemwogesha."

Alikaa kwenye kiti cha mlangoni. Nilidhani atanitukana, na ningevumilia. Aliuliza kwa upole tu, "Na akifa?"

Nikasema nitamwombea kila siku, kama ninavyomwombea yule mzee na mkewe. Akasema hilo si jibu. Ni kweli, si jibu. Akaja akamchukua mtoto mikononi mwangu, akamnusa utosini, mahali nywele zilipokuwa bado na unyevu, akaenda naye chumbani.